SOMO: Kubandika stika za vinaili kwenye gari na vioo (isome yote kabla hujaniuliza)

Asalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii pekee nshaulizwa mara nne "mbona stika yangu imetoka?" na jawabu kila mara lile lile, basi leo naliandika lote hapa na atakaeuliza tena ntamtumia hii. Mie kazi yangu ndo hii, nakata na kubandika hapa mjini Unguja, daladala, Noah za watalii, skuta, vioo vya maduka. Stika ikitoka mapema karibu siku zote kosa liko chini yake, kwenye bodi, si kwenye stika.

Kwanza ujue unabandika nini. Vinaili ziko kalenda na kasti. Kalenda inapitishwa baina ya rola za moto mpaka ikawa nyembamba, kwa hiyo ikipigwa na jua inataka kurudi ilivokuwa, inajivuta kidogo kidogo na pembeni inaacha ukanda wa gundi unaokamata vumbi. Ule weusi mnaouona umezunguka herufi za daladala kongwe ndo huo, si uchafu wa barabara tu. Kasti inamwagwa ikiwa majimaji kisha inakaushwa, haikuvutwa na mtu kwa hiyo haina pa kurudi, nayo nyingi ni nyembamba, mikroni 50 hivi, inafuata mikunjo ya bodi vizuri. Kwa mfano Oracal 651 ni kalenda, 970 ni kasti. Herufi za mlangoni au kiooni pahala palipo sawa, kalenda inatosha. Boneti nzima, tangi la pikipiki, vioo vya pembeni, chukua kasti. Na miaka walioandika kiwandani ipunguze, wanapima kwa jua la Ulaya na bodi ilosimama wima, boneti yako imelala inatazama jua la Unguja tokea asubuhi mpaka alasiri.

Hatua ya 1. Pima, kata, chambua vipande usivovitaka, bandika transfa juu (ile karatasi ya gundi nyepesi ya kubebea herufi). Pembe kali zizungushe kidogo, pembe kali ndo za mwanzo kuinuka.

Hatua ya 2. Safisha. Hapa ndo wengi mnapoanguka. Gari ikilala usiku mmoja tu Malindi au Forodhani, asubuhi pitisha kidole mlangoni kisha kiguse kwa ulimi. Chumvi tupu. Upepo wa bahari unaileta na huioni, gari inang'aa kama kawaida. Osha kwa sabuni na maji mengi, iache ikauke, kisha spiriti ya famasi ile ya asilimia 70. Vitambaa viwili, kimoja kina spiriti na chengine kikavu, unapitisha cha spiriti na palepale unafuata na kikavu kabla haijaruka yenyewe, maana ikiruka yenyewe uchafu inauacha palepale ulipokuwa. Fanya mara mbili. Na ukitoka kuoshesha gari uliza wamepaka nini, wengine wanapangusa dizeli au silikoni ili bodi ing'ae, na juu ya hivo hakuna stika duniani itakayokaa.

Hatua ya 3. RANGI MPYA. Naomba hii msiipite. Mwaka wangu wa mwanzo kazini aliniletea mtu daladala ya njia ya 116, ya Nungwi, milango imepigwa rangi siku tano nyuma, anataka majina na maua kabla ya Sikukuu. Rangi ukiigusa kavu, inang'aa, mie nikabandika mbavu zote mbili na kazi ikatoka nzuri mashallah. Kesho yake adhuhuri ananipigia simu, stika imetoka malengelenge mlango mzima, madogo madogo yamejaa kama mtu mwenye tetekuwanga. Nikaenda nikayatoboa kwa sindano nikasugua, jioni yamerudi. Nikaamua kuibandua niweke nyengine na hapo ndo maafa, nilivovuta tu rangi ikaja nayo, vipande vikubwa, mpaka bati likaonekana. Nililipa rangi upya na stika upya na Sikukuu ile gari haikutoka, na yule mtu alikuwa anategemea abiria wa siku zile kuvalisha wanawe. Mpaka leo nikikutana nae naona haya.

Sababu yake ni kwamba rangi inakauka juu kwanza, chini yake tina (ile dawa ya kuzimulia rangi) inaendelea kutoka wiki kwa wiki. Ukiifunika ile hewa haina pa kutokea, inasukuma vinaili juu, na rangi yenyewe haijalikamata bado bati. Kwa hiyo:
- Rangi ilokaushwa kwa hewa tu ngoja wiki nne kwa uchache. Masika ongeza.
- Rangi ya tanuri muulize alopiga, lakini bado usikimbilie.
- Inusie mlango ukiwa umeshinda juani. Ikinuka tina, rudi nyumbani.
- Bandika kipande kama kiganja pahala pasipoonekana, kiache siku nzima na jua lake. Kikitoa malengelenge hata mawili, acha.
- Mwenye gari akikulazimisha, mwache aende kwengine. Rangi ikibanduka atakutafuta wewe, hatamtafuta alopiga rangi.

Hatua ya 4. Fanya kivulini. Bati la mchana huwezi kulishika, na vinaili ikigusa pale inaganda papo hapo hairekebishiki. Mie naanza baada ya alfajiri au naanza alasiri ikishapoa. Siku za vumbi la kusi ingia ndani ufunge mlango.

Hatua ya 5. Bawaba. Weka stika mahala pake na karatasi yake ya nyuma, simama mbali utazame imenyooka, kisha piga tepu ya wapiga rangi katikati kutoka juu mpaka chini. Sasa ina bawaba kama dirisha. Inua upande mmoja, toa karatasi mpaka kwenye tepu uikate, laza ukisugua kwa kile kiplastiki kigumu kutoka katikati kwenda nje, kila mkwaruzo ukanyage nusu ya uliopita. Toa tepu, fanya upande wa pili.

Hatua ya 6. Maji, kwa wanaoanza na kwa vipande vikubwa. Lita 1 ya maji safi na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, basi. Nyunyizia kioo na ule upande wa stika wenye gundi, stika itateleza uiweke unapotaka, kisha sukuma maji yote nje. Zile vinaili zenye vijifereji vya hewa nyuma usizitie maji, ni za kubandika kavu.

Hatua ya 7. Toa transfa polepole, imejikunja juu yake yenyewe, usiivute kwenda juu. Ulotumia maji ngoja kwanza robo saa. Herufi ikiinuka irudishe, sugua, ngoja tena.

Hatua ya 8. Penye mkunjo pitisha hewa ya moto ukimaliza ili kasti isahau ulivoivuta wakati wa kubandika. Usioshe gari siku tatu nne, na mpira wa presha usiuelekeze ukingoni.

Basi. Ulizeni.

Bububu Boy: bei gani mlango mmoja

Mwandishi: Hili ni somo, ndugu yangu. Bei njoo na gari.

Sulti_M: Mie nlifata hivi hivi na stika imetoka wiki moja tu, nafikiri vinaili zinazoletwa siku hizi ni mbovu tuseme ukweli

Mwandishi: Ulipitisha spiriti?

Sulti_M: niliiosha gari kwa watu wa kuosha ilikuwa safi kabisa

Mwandishi: Basi hukufata hivi hivi. Hatua ya 2, mstari wa mwisho. Wamekupaka nini?

Sulti_M: sijui walipaka kitu cha kung'arisha

Mwandishi: Ndo hicho. Vinaili haina kosa.

Mwana wa Konde: Shekhe, mie niko Pemba, maji yetu ya kisima ukichemsha birika linafanya ukoko mweupe. Je nikitia hayo kwenye spreya ina neno?

Mwandishi: Suali zuri sana hili na mie nlipaswa kulitaja. Ina neno, hasa kioo. Ule ukoko ni chokaa, visima vyetu vingi vinapita kwenye jiwe la matumbawe. Maji yakikauka chini ya stika chokaa inabaki, na kwenye vinaili ya kupitisha mwanga utaona madoa meupe ambayo huyafikii tena. Tumia maji ya kunywa ya chupa, lita moja na nusu inatosha kazi nzima. Maji ya mvua yalokingwa safi na kuchujwa kwa kitambaa pia mazuri. Ya kisima yabakishe kwa kuoshea, na umalizie kwa spiriti.

Mwana wa Konde: Ahsante sana shekhe, ntafanya hivo.

Ummu Saluni: Assalam alaykum kaka. Nina saluni ya kike Chake Chake, kioo cha mbele kikubwa kinatazama barabara. Fundi kaniambia aniwekee ile yenye vitundu, nje picha ndani unaona nje, wateja wangu wanavua mitandio humu ndani nataka niwe na uhakika. Nifanye?

Mwandishi: Waalaykum salaam dada, na umefanya vema kuuliza kabla. USIIWEKE hiyo. Ile yenye vitundu inafanya kazi kwa tofauti ya mwanga tu. Mchana nje kuna mwanga mwingi, macho ya mpita njia yanakamata picha. Magharibi ikiingia ukawasha taa inageuka, ndani ndo kunang'aa, na alosimama barabarani anakuona wewe na mteja wako. Jaribu na pazia jepesi la nyumbani usiku utaona ninachosema. Wewe chukua ile ya ukungu, nyeupe kama kioo kilochubuliwa, inakata macho mchana na usiku na mwanga unapita. Ibandikwe kwa maji kwa ndani, na ukingoni waache nafasi ya milimita mbili kutoka kwenye alumini, ikigusa mpira inainuka. Kisha usiku washa taa, mtu asimame ndani karibu na kioo, wewe toka nje utazame mwenyewe. Na nyeusi nzito usikubali kwenye kioo cha kawaida, inanyonya joto, na upande mmoja ukiwa juani na mwengine kivulini kioo kinaweza kupasuka.

Ummu Saluni: Subhanallah, na nlikuwa nimeshatoa advansi. Shukran sana kaka, Mungu akujaalie.

Duka Mkunazini: na sie tulio Mji Mkongwe tunaweza kubandika mlangoni tu?

Mwandishi: Pitia kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji uko kwenye urithi wa dunia tokea 2000, na alama za nje wanaziangalia. Uliza kabla hujakata, usije ukalipa mara mbili.

Dere 502: kutoa stika kongwe kioo cha nyuma, nachukua wembe nakwangua?

Mwandishi: Iko ndani au nje?

Dere 502: ndani

Mwandishi: Basi weka wembe chini. Gari za Japani kioo cha nyuma kwa ndani kina zile nyuzi za kuondoa ukungu, wembe ukizipitia zimekatika. Tia moto kwa draya ya nywele mpaka vinaili ilainike, anza pembeni, vuta taratibu ikiwa imelala, usivute kwa hasira. Gundi itakayobaki paka mafuta ya taa kwa kitambaa, ngoja dakika chache, pangusa kufuata nyuzi.

Bi Mwema: Sie nyumbani tunatolea mafuta ya nazi gundi za vikopo, inatoka yote.

Mwandishi: Kweli kabisa bi, nazi inailainisha na haidhuru rangi, ila ina subira zaidi, uiache nusu saa. Petroli msitumie kwenye rangi. Na mkitumia mafuta yoyote, sabuni kisha spiriti kabla ya kubandika mpya.

Kizimkazi Dolphin: broo vipi kwenye boti ya faiba? nataka jina na picha ya pomboo mbavu mbili

Mwandishi: Faiba inakubali vizuri, tumia kasti, juu ya mstari wa maji tu, na uisugue hiyo chumvi kuliko gari. Dau la mbao hapana, mbao inavimba na kunywea, stika itatoka hata kesho. Ila kuna jambo watu wanakosea: pomboo wa kulia na wa kushoto wote waelekee omo, kwa hiyo mmoja mwambie fundi ampindue kabla ya kukata, lakini jina lisipinduliwe. Nimeshaona pomboo anarudi nyuma ubavu mmoja.

Kizimkazi Dolphin: hahaha sawa. nikupe vipimo vya ubavu mmoja unakata vyote?

Mwandishi: Pima mbavu zote mbili. Boti za kumwagwa hapa kwetu hazilingani, nshakuta ubavu umezidi mwenziwe kwa vidole vitatu.