Jinsi ya kuzuru kaburi la Bibi Salme, Ohlsdorf, Hamburg

Kila kiangazi sikosi mgeni wa nyumbani anayeniambia, "Nipeleke kwa Salme," yule binti wa sultani wa Unguja aliyezikwa huku Ujerumani. Nimeshakwenda mara nyingi, najua sasa pa kuokoa muda na pa kukaa bila haraka. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, mwezi wa Novemba, sina ramani, nikidhani makaburi ni makaburi tu. Nilizunguka saa mbili na nusu, nikaja kutokea geti jingine kabisa, giza limeshaingia na kaburi sijaliona. Makaburi ya Ohlsdorf yana hekta 389. Mji Mkongwe wa Unguja, ule ulioandikwa kwenye Urithi wa Dunia, ni hekta 96. Piga hesabu mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua siku

Nzuri kuliko zote ni mwisho wa Mei hadi Juni, rododendroni zinapochanua na njia nzima kuwa zambarau na nyekundu. Desemba jua linazama saa kumi jioni, kwa hiyo toka asubuhi. Kiingilio hakuna. Vaa viatu vya kutembelea na ubebe koti hata kama anga ni jeupe. Mvua ya Hamburg haipigi hodi.

Hatua ya 2: Fika

Panda treni ya U1 au S1, shuka kituo cha Ohlsdorf. Ukija kwa S1, usisinzie: hapohapo Ohlsdorf treni hukatwa vipande viwili, mabehewa ya mbele yanakwenda uwanja wa ndege na ya nyuma Poppenbüttel. Geti kuu liko ng'ambo ya barabara iitwayo Fuhlsbüttler Straße. Kama unataka maua, nunua kabla hujaingia ndani.

Hatua ya 3: Ulizia kwa jina la huko

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Ukisema "Salme" utatazamwa tu. Kwao yeye ni Emily Ruete. Emily ni jina alilolipata alipobatizwa Aden mwaka 1867. Siku hiyohiyo aliolewa na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe. Liandike jina kwenye karatasi, umpe mhudumu wa ofisi iliyo karibu na geti kuu. Makaburi yote yamegawanywa kwa miraba yenye herufi na namba, mithili ya ubao wa sataranji. Mwombe akutilie alama kwenye ramani, maana bila mraba hufiki.

Hatua ya 4: Panda basi humohumo ndani

Ndiyo, basi ndani ya makaburi. Ni namba 170 na 270, na vituo vyake vingi vimepewa namba za makanisa madogo ya maziko: Kapelle hii, Kapelle ile. Muulize mhudumu ushuke Kapelle ipi, halafu malizia kwa miguu.

Hatua ya 5: Ukishafika, usikimbie

Usitarajie kuba wala marumaru za kifalme. Ni kaburi la ukoo wa mumewe, kati ya majirani Wajerumani. Mimi huwaacha wageni watazame kwanza, ndipo nianze kusimulia.

Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1866, akiwa mja mzito, alitoroka Unguja usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer. Hapa Hamburg hakuishi na mume hata miaka minne: mwaka 1870 Ruete aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Inasimuliwa kuwa katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, wakamzika nacho. Juu ya jiwe kuna mstari wa shairi la Kijerumani unaomsifu mtu aipendaye kwao.

Mwaka juzi nilimleta mama mmoja wa Kiunguja hasa. Alifungua pochi, akatoa karafuu kwenye leso, akazipanga moja moja pembeni ya jiwe bila kusema neno. Kisha akaniuliza kama inafaa kumsomea Fatiha mtu aliyebatizwa. Nikamwambia hilo mimi sina fatwa nalo. Akaisoma.

Na la upande wa pili simfichi mgeni. Mwaka 2019 kiwanja kimoja cha mjini kilipewa jina lake, baadaye likaondolewa kwa sababu ya maneno aliyoyaandika kuutetea utumwa. Wageni wengine hununa, "Yule si shujaa." Sijamwita shujaa, nimesema tunakwenda kumzuru.

Hatua ya 6: Ukibakiwa na muda

Chagua mahali pamoja au pawili, si zaidi. Pa kwanza kwangu ni makaburi ya halaiki ya Julai 1943, Hamburg ilipolipuliwa kutoka angani. Wamelala watu wapatao 37,000, mashimo yamechimbwa kwa umbo la msalaba, na juu kuna magogo yaliyochongwa majina ya mitaa walikotoka. Majina ya watu hayapo, ni mitaa tu.

Kuna pia Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama ambaye kabla ya kujenga bustani yake ya wanyama alionyesha na watu vilevile, wakiwemo Wanubi kutoka Sudan. Helmut Schmidt, kansela wa Ujerumani Magharibi kuanzia 1974 hadi 1982, naye yupo. Alivuta sigara mpaka mwisho wa maisha yake, na wako wanaomwachia sigara kaburini.

Adabu kidogo kabla hujatoka

Ukikuta maziko, simama na uweke simu mfukoni. Usikanyage vitanda vya maua hata kama jiwe linaonekana limesahauliwa. Hapa kaburi hukodishwa, kwa kawaida miaka 25, na huenda wenyewe wanakuja kesho kulipalilia. Na kama umechukua kopo la kumwagilia maji kwenye bomba, lirudishe ulipolikuta.