Mshale wa joto ukipanda kwenye Hiace kuukuu: pima kwanza, nunua baadaye

Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret na Hiace ya zamani, mfumo wa kupoza injini hujianika ukishapita Salgaa na kuanza kupanda Sachangwan. Mshale unakimbilia H (moto), dereva anaegesha, na hata injini haijapoa ashashauriwa anunue redieta. Usinunue kitu. Jua kwanza kama injini imechemka kweli au geji, yaani kipimo cha joto kwenye dashibodi, inakudanganya.

1. Maji

Gari lilale hadi asubuhi. Fungua kifuniko cha redieta yenyewe, si cha chupa ya akiba, maana chupa inaweza kujaa na redieta iko tupu. Maji yafike shingoni. Yakiwa na rangi ya kutu, kuna mtu amekuwa akijaza ya mfereji badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini.

Kague na mpira wa kifuniko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 hupandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzi 20. Kilichochoka hakisaidii, na mlimani utachemsha hata kama vingine vyote ni vizima.

2. Geji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Inua kiti cha mbele, utafute sensa ya geji karibu na nyumba ya thamostati, vali inayofunguka maji yakipata moto. Mara nyingi ndiyo ile yenye waya mmoja.

Washa ufunguo bila kupiga starta, kisha chomoa waya huo. Mshale unapaswa kulala C (baridi). Sasa gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini kupitia balbu ndogo ya dashibodi. Mshale upande kuelekea H. Mshale ukifanya yote mawili, geji na waya ni vizima, kwa hiyo shaka inabaki kwa sensa. Ukibaki H hata baada ya kuchomoa, waya umechunika na kugusa bodi mahali fulani.

Angalia pia kama mshale wa mafuta unapotoka pamoja na wa joto. Ikiwa hivyo, achana na injini: tafuta hitilafu ya umeme au ya ethi (waya wa umeme kurudi kwenye bodi) nyuma ya dashibodi.

Sensa mpya ikisoma chini kuliko kawaida, ifungue uone kama fundi ameizungushia tepu nyeupe ya mabomba. Sensa hii hupata ethi kupitia nyuzi zake za skrubu, na tepu huikata.

Mshale ulio C nao usikutulize. Maji yakipungua, sensa hubaki kwenye hewa na kusoma baridi huku silinda hedi inaungua.

3. Ikiwa joto ni la kweli

Gari linalochemsha kwenye foleni mjini na kupoa barabarani, shuku feni. Linalochemsha mlimani tu, shuku redieta iliyoziba au thamostati.

Thamostati ichemshe kwenye sufuria. Iliyoandikwa 82 itaanza kufunguka mapema na vizuri. Yenye 88 itafunguka kidogo tu, kwa sababu maji yetu hayafiki nyuzi 100. Usiitupe kwa hilo. Na tafadhali usiing'oe ukaacha tundu, kama wanavyopenda mafundi wengi wa matatu. Kwenye injini zenye njia ya mkato, thamostati ikifunguka ndiyo huiziba njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita redieta.

Mwisho, injini ikiwa baridi na kifuniko kimetolewa, piga starta utazame shingoni. Viputo vichache mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Vikizidi kila ukikanyaga mafuta, au kifuniko kikiwa kimefungwa paipu ya juu ikawa ngumu kabla haijapata moto, gasketi ya hedi imekwisha. Zima, ita gari la kuvuta.