Kununua treni ndogo za Kijapani ukiwa Lubumbashi, na kuhakikisha zinapokea uendeshaji wa kidijitali

Mkaaji wa Lubumbashi ana sababu yake ya kupenda treni za Kijapani: reli yetu, inayotoka Sakania na kupanda hadi Likasi na Kamina, ina upana wa milimita 1067, na reli za kawaida za Japani zina upana huohuo. Hata hivyo, atakayetaka kuiona reli hiyo mezani kwake ajue tangu mwanzo kwamba treni ndogo za aina ya N, ambazo Wajapani wengi hucheza nazo, hupita juu ya reli ya milimita 9. Treni za kawaida huundwa kwa uwiano wa 1:150, na kwa uwiano huo milimita 1067 zingekuwa takriban 7.1, kwa hiyo kila treni hukalia reli pana kuliko inavyostahili. Shinkansen, yaani treni ya kasi ya Japani, ambayo reli yake ya kweli ni milimita 1435, huundwa kwa 1:160, na hapo hesabu inakaribia 9 kabisa. Aina zote mbili hutembea kwenye reli moja, ila zikisimama ubavu kwa ubavu jicho kali litaona kwamba hazilingani. Aina kubwa zaidi, ya reli ya milimita 16.5, huundwa Japani kwa 1:80, ilhali Wazungu hutumia 1:87. Anayechanganya mabehewa ya pande hizo mbili asishangae.

Kabla ya kulipa, soma jina la seti mara mbili. Wajapani huuza treni ndefu kwa vipande: seti ya msingi, yaani 基本, na seti ya nyongeza, yaani 増結. Kwa kawaida seti ya nyongeza haina mota, hata kama picha yake inapendeza na bei yake iko chini. Behewa lenye mota huandikwa 動力車, au huwekewa herufi M kwenye mchoro wa mpangilio wa mabehewa. Ukiona 中古, kitu kimeshatumika, na hilo si kosa. Ukiona ジャンク, muuzaji anakwambia kwamba haahidi chochote, nawe usimlaumu baadaye.

Sasa tufike kwenye udhibiti wa kidijitali, ambako ndiko pesa nyingi hupotea. Katika mfumo wa kawaida, yaani wa analogi, umeme wa moja kwa moja usiozidi volti 12 hupita relini, na ukigeuza chanya na hasi treni hurudi nyuma. Katika mfumo wa DCC (Digital Command Control), yaani wa kidijitali, reli hubeba umeme unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde pamoja na amri, na kila treni huwa na bodi ndogo, dekoda, inayosoma amri zilizoelekezwa kwake tu. Treni isiyo na dekoda ikiwekwa kwenye reli ya DCC, mota yake hulia kama nyuki na kupata joto, na mota zisizo na kiini cha chuma huweza kuungua upesi sana. Vipo vidhibiti vinavyoruhusu treni moja ya analogi kwa anwani, yaani namba ya kuita treni, sifuri. Mimi sivitumii kwa namna hiyo, na sikushauri uvitumie.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si «je, ni ya kidijitali?» bali «dekoda gani inaingia katika behewa la mota, na inaingia wapi?» Treni nyingi za Kato, kampuni ya Kijapani, zimeandikwa kuwa ni rafiki wa DCC. Maana yake ni kwamba nafasi imetengwa, si kwamba dekoda imo ndani. Katika treni hizo, dekoda ya mota ni EM13, ya taa za mbele na nyuma ni FL12, na ya taa za ndani ya mabehewa ni FR11, na zote hununuliwa kando. Fanya hesabu mapema: seti yenye mota moja na vichwa viwili huhitaji EM13 moja na FL12 mbili, na gharama yake hukaribia bei ya mabehewa kadhaa. Tomix, chapa nyingine ya Kijapani, hutengeneza treni nzuri sana, lakini nyingi hazina nafasi hiyo, hivyo utalazimika kukata nyaya na kuchomelea kwa risasi. Kama hujawahi kushika chuma cha kuchomelea, anza na Kato.

Ikiwa utachomelea, fanya vipimo viwili kwa multimita, yaani kipimo cha umeme. Kwanza, endesha treni kwa volti 12 za kawaida, ishike kwa vidole mpaka mota isimame, na usome ampea kwa sekunde moja au mbili tu. Namba hiyo lazima iwe chini ya uwezo ulioandikwa kwenye dekoda. Pili, ukishaitenga mota, gusa kila ncha yake na kila reli kwa kipimo cha ukinzani. Sindano ikicheza, au multimita ikilia, mota bado inagusa chasi, na dekoda itakufa siku ya kwanza.

Reli nazo hazioani bila kipande cha kuunganisha: Kato na Tomix zina viungo tofauti. Kato huacha milimita 33 kati ya njia mbili, Tomix 37. Chagua moja ukae nayo. Behewa la Shinkansen la mita 25 huwa na milimita 156 katika 1:160, na kona kali hulisumbua. Mimi huanzia nusu kipenyo cha milimita 315.

Kuhusu umeme, nitasema jambo linalonihusu. Kidhibiti changu cha kwanza kilikuwa cha Japani, cha volti 100, nami nikakichomeka kwenye 220 zetu kupitia adapta ya plagi, nikidhani kwamba plagi ikishaingia kazi imekwisha. Harufu ilibaki chumbani hadi jioni. Geuza adapta uone kibandiko: ikiandikwa INPUT 100–240V, chomeka bila hofu, ikiandikwa 100V peke yake, tafuta transfo ya kushusha hadi 100, maana zile za 110 zinazouzwa madukani huzidisha kidogo. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, chomoa kila kitu wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme.

Mwombe muuzaji aandike wazi bei na vilivyomo, kwa sababu kifurushi kitafunguliwa duane (forodha), iwe kimefika uwanja wa ndege wa Luano au kimepitia mpaka wa Kasumbalesa.

Kikishafika, usikimbilie dekoda. Weka behewa la mota kwenye kipande kimoja cha reli, kisha gusisha betri ya volti 9, waya mmoja kila reli. Likitembea, na taa ya mbele ikawaka kama linayo, geuza betri. Lazima lirudi, na taa ya upande wa pili, kama ipo, iwake. Likisita, futa magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti, ujaribu tena. Baada ya hapo ndipo uweke dekoda na kuliita kwa anwani 3, ambayo hutoka nayo kiwandani. Ibadilishe kabla ya kuweka treni ya pili, la sivyo zote mbili zitaondoka pamoja.