Barabara za mlimani kwa baiskeli: tafuta ile inayoishia mlimani

Watu wakipanga safari ya baiskeli milimani huniletea picha ya kona waliyoipenda kwenye simu, wananiuliza kama panapitika. Mimi huwauliza kwanza: hiyo barabara inakwenda wapi? Ikiwa inakatiza mlima kuunganisha miji mikubwa, jua malori yote yanapita hapo. Ikiwa inapanda na kuishia hukohuko juu, utakutana na wenyeji: Coaster, Noah, bodaboda na Fuso za mboga. Mimi ni mtu wa Korogwe, na mgeni yeyote anayetaka kupanda nami nampeleka kwenye hizi za pili.

Mlima Kitonga, ukitoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Iringa, ni mzuri sana, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Lakini hiyo ndiyo njia kuu ya kwenda Mbeya, Zambia na Kongo. Semitrela zinapanda taratibu kwa gia ndogo, nyingine zinashuka breki zikinuka, na kuna madereva wanaolazimisha kupita kwenye kona. Baiskeli haina pa kukimbilia. Kitonga ipande kwa basi, ukae dirishani.

Sasa linganisha na Mombo hadi Lushoto, kwetu milima ya Usambara. Ni kilomita 33 hivi, lami tupu. Mombo iko mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu mita 1,400. Ukigawanya kijuujuu unapata mita 30 za kupanda kwa kila kilomita, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu mlima haukugawanywa sawa. Soni iko karibu katikati ya njia, na tayari uko karibu mita 1,200. Kwa hiyo kazi kubwa iko Mombo hadi Soni, zaidi ya mita 40 kwa kilomita. Fanya hesabu kipande kwa kipande kwenye ramani ya simu, usipige ya jumla. Kwa mtu wa kawaida mwenye mizigo, mita 40 kwa kilomita anapanda huku anaongea. Zikifika 80, maneno yanakata. Zikizidi 100, jiandae kusukuma.

Kutoka Mombo toka alfajiri. Bondeni jua likishakolea ni moto mtupu, na juu utapata ubaridi wenyewe. Pumzika Soni, uone maporomoko, ununue matunda sokoni, kisha umalizie Lushoto polepole. Jioni hiyohiyo kama miguu ingalipo, nenda Irente. Ukingo wake unatazama Mazinde na tambarare ya Wamasai upande wa jua linapozama, kwa hiyo mandhari yake ni ya jioni. Jambo hili usilipuuze unapochagua njia: ukingo unaotazama mashariki ufikie asubuhi, unaotazama magharibi ufikie alasiri.

Angalia pia bonde liko upande gani. Kwetu tunaendesha kushoto. Ukipanda huku bonde likiwa kushoto kwako, unasimama popote kutazama bila kuvuka barabara. Likiwa kulia, utakuwa unavuka kwenye kona kila ukitaka kupiga picha, na Coaster inayoshuka haitakuona.

Kutoka Lushoto, wenye nguvu waendelee kupitia msitu wa Magamba na Lukozi hadi Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na chini yako kuna nyika ya Mkomazi. Hiyo kwangu ndiyo safari bora ya baiskeli Usambara. Ila sehemu kubwa ya njia ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha udongo ule unaganda kwenye tairi na kwenye uma unaoshika gurudumu, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kwa hiyo epuka Machi hadi Mei, masika, na uwe macho na vuli. Juni hadi Septemba ni pakavu, ila ubebe sweta zito, kwa sababu Lushoto wakati wa kipupwe kuna baridi kweli na ukungu asubuhi.

Kabla ya kuingia njia ya udongo, muulize dereva wa bodaboda, siyo wa gari. Yeye anapita kwa magurudumu mawili kama wewe. Usimuulize "ni mbali?" maana utajibiwa "hapo tu". Muulize: jana umepita? Kuna mahali unashuka na kusukuma? Ukiwa na abiria unatumia muda gani? Na maji ya dukani yanaishia kijiji gani?

Siyo kila barabara inayovuka mlima ni mbaya. Kenya, njia ya Iten hadi Kabarnet inavuka bonde la Kerio, lakini malori makubwa yana barabara yao ya Nakuru na Eldoret. Unaanza Iten, karibu mita 2,400, unateremka Tambach hadi daraja la Mto Kerio pale Cheploch, kisha unapanda upya hadi Kabarnet. Joto la chini ni kali, na mpando wa pili ndio unaokuta miguu imechoka, kwa hiyo vuka daraja kabla ya saa nne asubuhi. Mbeya hadi Chunya nayo inapita zaidi ya mita 2,400, na ukingoni unaliona bonde la Usangu. Hiyo wape wenye mapafu yaliyozoea hewa nyepesi ya juu.

Mwisho, chagua njia unayoweza kuishuka. Breki za rimu, zile za raba zinazobana ukingo wa gurudumu, kwenye mteremko mrefu zinapasha rimu moto mpaka tyubu inapasuka. Ukishuka kutoka Soni, simama kila kilomita tatu au nne, nyunyizia rimu matone ya maji. Yakichemka na kukauka papo hapo, kaa chini dakika kumi. Usishikilie breki mfululizo. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona. Raba za breki ziwe mpya kabla ya kutoka nyumbani, na uwe na jozi nyingine mfukoni.