Kuchaji gari la umeme nyumbani Unguja na Pemba: anza na soketi

Ukiagiza gari la umeme lililotumika kutoka Japani, hasa Nissan Leaf, utakaloulizwa barazani ni betri: itadumu miaka mingapi? Swali la maana, lakini la kwanza ni jengine: utachajia wapi? Betri ikichoka, safari zinapungua. Soketi ikichoka, nyumba inaungua.

Soketi zetu za pini tatu ni za ampea 13. Kwa birika zinatosha, maana birika huchemka dakika chache likazimwa. Gari hula umeme saa nane au tisa bila kupumzika. Waya ukilegea kwenye skrubu nyuma ya soketi, pale pale panazuka ukinzani, yaani umeme unapita kwa taabu, na ukinzani huzaa joto. Piga hesabu: ampea 10 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.5 zinatoa joto la wati 50, ndani ya plastiki inayoenea kiganjani, usiku kucha. Na sisi tuna hewa ya chumvi. Shaba inaota kutu ya kijani, na kiungo kilichokuwa kizima mwaka jana leo hakifai.

Kwa hiyo mwambie fundi avute waya wa peke yake kutoka kwenye bodi ya breka mpaka gari linapolala, usiochangia na friji wala pampu ya maji. Kwa kuchaji polepole inatosha waya wa shaba wa milimita 4 za mraba na breka ya ampea 16, kisha kamba ya kuchajia uipange ampea 10 au chini yake. Ukitaka chaja ya ukutani ya kilowati 7, unahitaji milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32. Hapo waulize kwanza ZECO, shirika letu la umeme, kama laini ya nyumba yako inaubeba mzigo huo. Fundi aongeze pia breka ya kuvuja umeme (RCD) ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Isiwe ya aina AC, ile ya bei rahisi, kwa sababu chaja ya gari inaweza kuvujisha umeme wa DC, ule wa aina ya betri, na umeme huo huifanya breka hiyo isishtuke hata mtu akiguswa. Chukua aina A ikiwa chaja yako ina kinga yake ya DC ya miliampea 6. Ikiwa haina, chukua aina B.

Siku ya kwanza, baada ya nusu saa na tena baada ya saa nzima, gusa plagi kwa nyuma ya mkono. Uvuguvugu si neno. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, au ukiona plastiki imegeuka rangi ya hudhurungi, zima breka na ubadilishe plagi na soketi zote mbili. Ekstensheni usitumie. Ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu ndiyo mbaya zaidi: waya uliojikunja hauna pa kutolea joto, unayeyuka kuanzia ndani.

Ethi, waya wa kuupeleka ardhini umeme uliovuja, ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Nyumba nyingi kongwe hazina kabisa, na nyengine zina fimbo moja iliyochomekwa kwenye jiwe la matumbawe, ambalo likikauka halipitishi umeme vizuri. Chaja huikagua ethi kabla ya kuanza. Isipoiona huwasha taa nyekundu na kugoma. Wapo mafundi wanaoinyamazisha kwa kuunga pini ya ethi na nyutro, waya wa kurudishia umeme. Usikubali hata siku moja. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, bodi lote la gari linaweza kupanda mpaka volti 230, na wewe umesimama chini pamelowa umeshika kitasa cha mlango. Njia ya haki ni fimbo mbili au tatu za shaba, kila moja mita 1.2 au zaidi, zilizoachana angalau kwa urefu wake, zikaungwa pamoja. Zipimwe kwa mita ya ethi, na usomaji usizidi omu 100. Pima wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu. Kipimo cha masika kinadanganya.

Kamba iliyokuja na gari, soma kibandiko chake. Iliyoandikwa 100V peke yake usiichomeke kwetu. Nunua ya volti 230 yenye kichwa cha Aina ya 1, kile cha pini tano. Magari mapya ya Kichina yana vichwa tofauti, basi angalia tundu la gari kabla ya kulipa.

Ubishi wa kama gari linaweza kuchajiwa kwenye mvua una jibu: kichwa hakina umeme mpaka gari na chaja vimepeana ishara kupitia pini ndogo, hivyo kuchaji chini ya mvua kunawezekana kwa vifaa vizima. Kisichovumilia mvua ni ile plagi ya ukutani. Iwekee kisanduku chenye kifuniko.

Umeme wetu unatoka Bara kwa nyaya za chini ya bahari, Unguja kupitia Fumba na Pemba kutoka Tanga, na wengi wanakumbuka miezi mitatu ya giza Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Umeme ukikatika, zima breka ya gari, na ukirudi ngoja dakika kumi volti zitulie. Weka pia kinga ya mshtuko wa volti kwenye bodi. Kwenye mita ya Tukuza, kuingiza uniti 20 ndani ya betri huhitaji kama 23, kwani nyengine hupotea kwa joto.

Sasa betri. Betri ya Leaf hizi zilizotumika haina maji ya kuipoza, ina hewa tu, na joto la kisiwani ndilo linaloizeesha. Angalia vile vistari vidogo pembeni ya geji ya chaji: 12 ni betri nzima, cha kwanza huondoka afya ikishuka kwenye asilimia 85. Leaf ya kilowati-saa 24 yenye vistari 9 inabaki na kama kilowati-saa 15, yaani kilomita 100 hivi. Mjini mpaka Nungwi utafika, kurudi bila kuchaji hutorudi. Chaji usiku ili imalize karibu na alfajiri, na usiliache limejaa pomoni juani mchana kutwa.

Taa za ajabu zikiwaka zote au gari likigoma kuwaka, pima kwanza betri ndogo ya volti 12. Ikisoma chini ya 12, tatizo mara nyingi liko hapo.

Mlio wa tahadhari wa mwendo mdogo usiuzime. Kwenye vichochoro watoto hulikwepa gari kwa kulisikia.

Maji ya bahari yakiingia ndani ya gari, usilichaji wala kuliwasha, hata likionekana zima. Chumvi huunganisha umeme ndani ya betri, na moto unaweza kuzuka siku kadhaa baadaye. Lisukumeni mpaka uwanjani, mita 15 mbali na nyumba na magari mengine, na nyaya za rangi ya machungwa, zile za umeme mkubwa wa gari, msiziguse.