Farasi wa Maonyesho Marekani: Namna ya Kuthibitisha Kwamba Ni Biashara

Anayefuga farasi wa maonyesho nchini Marekani hukabiliwa na swali moja ajazapo ritani ya kodi: je, hasara ya farasi inaweza kupunguza mapato yake mengine, kama vile mshahara? Kifungu cha 183 cha sheria ya kodi kinaruhusu hivyo iwapo tu anafuga kwa nia ya kweli ya kupata faida. Akionekana anajifurahisha tu, pesa za zawadi na za mauzo hutozwa kodi, ilhali gharama za malisho, daktari wa mifugo na mkufunzi hazikatwi katika mapato hayo. Hali hiyo ilianza mwaka 2018, na sheria ya mwaka 2025 imeifanya kuwa ya kudumu.

Anza kwa kuhesabu miaka. Shughuli nyingine hudhaniwa kisheria kuwa biashara zikipata faida miaka 3 kati ya 5. Za kuzalisha, kufundisha, kuonyesha au kushindanisha farasi huhitaji miaka 2 tu kati ya 7. Asiyefikia hapo hajapoteza haki, ila itambidi athibitishe nia yake kwa njia nyingine. Fomu 5213 humwezesha kuomba uamuzi wa kama ni biashara usubiri, lakini mimi nisingeijaza kwa pupa, kwani humtangaza mtu kwa wakaguzi na kuwaongezea muda wa kumkagua.

Kati ya vigezo 9 ambavyo kanuni za kodi hutumia kupima nia ya faida, kinachostahili jasho lako zaidi ni namna unavyoiendesha shughuli. Fungua akaunti ya benki ya pekee, andika mpango wa biashara, na kila farasi awe na ukurasa wake: bei ya kumnunua, ada za kushiriki maonyesho, gharama za kwato, tarehe ya kupandishwa, nafasi aliyoshika na bei aliyotajiwa na wanunuzi. Ukurasa huo ukionyesha jike halizai wala halishindi, liuze, kisha uandike sababu. Badiliko la namna hiyo, lililofanywa ili kupunguza hasara, lina uzito kuliko stakabadhi nyingi zisizosomwa na mtu.

Hasara za mwanzo zisikutishe mno. Katika kesi ya Engdahl ya mwaka 1979, Mahakama ya Kodi ilikubali kwamba ufugaji wa farasi wa aina ya American Saddlebred unaweza kuhitaji miaka 5 hadi 10 ya kujijenga. Kumpenda farasi si kosa pia, lakini yule ambaye watoto humpanda Jumamosi asiingizwe kabisa katika vitabu vya biashara.