Jaribu kwanza, kisha pima: kuandaa mchango wa NumPy

"Dada, imekuwa haraka mara mbili!" Kijana mmoja ninayemfundisha siku za Jumamosi hapa Mwanza alinipigia simu kunieleza hivyo. Alikuwa amerekebisha kipande kidogo cha NumPy, maktaba huria ya hesabu za Python, na alitaka kutuma mchango wake siku hiyohiyo. Nikamuuliza toleo la zamani alilipima lini. Jana usiku, umeme ulipokatika. Na jipya? Asubuhi, laptopu ikiwa kwenye chaji. Tukakaa naye, tukayapima yote mawili kwenye umeme, moja baada ya jingine, na ile "mara mbili" ikayeyuka yote. Laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza mwendo wa prosesa ili chaji idumu. Alichokuwa amepima ni betri.

Naandika hapa njia ninayoifuata mimi. Mfano wangu ni `np.isin`, kwa sababu kazi yake inaeleweka upesi: unaipa safu mbili, inakuambia kila namba ya safu ya kwanza imo kwenye ya pili au haimo. Toleo la NumPy 1.24, lililotoka Desemba 2022, liliiongezea njia mpya kwa namba kamili. Badala ya kupanga namba kwa mfuatano, inachora jedwali la ndiyo na hapana, kisha inasoma jibu moja kwa moja. Ukitaka kujua mchango mzuri wa kasi unafananaje, soma huo.

Kwanza jitengenezee nakala yako (fork) GitHub, tovuti mradi unakohifadhiwa, kisha iteremshe pamoja na hazina ndogo zilizomo ndani yake:

```
git clone --recurse-submodules <anwani ya nakala yako>
```

Historia ya mradi ni ndefu na faili ni nyingi, kwa hiyo mimi hutumia bando la usiku. Utahitaji pia kikusanyaji (compiler) cha C na C++, maana sehemu kubwa ya NumPy haikuandikwa kwa Python. Halafu `spin`, zana ya mradi ya kujenga na kujaribu: `spin build`, halafu `spin test`. Endesha majaribio yote kabla hujagusa hata herufi moja. Kama kuna jaribio linaloanguka kwenye mashine yako tangu mwanzo, lijue leo, usije ukalihangaikia kesho ukidhani umeliharibu wewe. Baada ya hapo huna haja ya kuendesha yote kila mara, chagua yanayokuhusu:

```
spin test -- -k isin
```

Sasa majaribio yenyewe, na hapa naomba usiwe na haraka. Ili nielewe njia ya jedwali, niliandika toleo langu dogo kwenye faili ya pembeni:

```python
def imo(a, b):
    mwanzo = b.min()
    jedwali = np.zeros(int(b.max()) - int(mwanzo) + 1, dtype=bool)
    jedwali[b - mwanzo] = True
    return jedwali[a - mwanzo]
```

Nikalijaribu kwa `int8`, aina inayobeba namba kuanzia -128 hadi 127 tu. Nikachukua mipaka yenyewe: `b` ikawa -128 na 127, `a` ikawa namba zote 256 za aina hiyo. Likapita. Kwa watu wengi kazi ingeishia hapo, kwa sababu tumezoea kwamba ukijaribu mipaka umejaribu kila kitu.

Kisha nikaweka `b` yenye -100, 28 na 100, nikauliza kama -27 imo. Likajibu imo. Haimo.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye `int8`, 28 kutoa -100 ingekuwa 128, lakini 128 haienei, kwa hiyo inafurika na kuwa -128. Python haikatai nafasi hasi. Inahesabu kutoka mwisho wa safu. Jedwali lina nafasi 201, na nafasi ya -128 kutoka mwisho ni nafasi ya 73, ukianza kuhesabu na sifuri. Na -27 kutoa -100 ni 73. Namba mbili tofauti zimekaa kiti kimoja, na hakuna onyo lolote lililotolewa. Jaribio la mipaka lilipita kwa bahati tu: jedwali lake lilikuwa na nafasi 256 kamili, sawasawa na mzunguko wa `int8`, kwa hiyo kila namba iliyofurika ilirudi mahali pake.

NumPy yenyewe ina ulinzi dhidi ya hali hii: kama umbali kati ya namba ndogo na kubwa ya safu ya pili unazidi uwezo wa aina ya namba, njia ya jedwali haitumiki. Ukigusa sehemu hiyo, jaribio lako lazima liufikie ulinzi huo. Na hapo kuna mtego wa pili. Usipochagua njia mwenyewe, `isin` hutumia jedwali pale tu umbali huo usipozidi mara 6 ya jumla ya ukubwa wa safu zote mbili. Ukiandika jaribio lenye namba moja kwa tatu, jumla ni 4, mara 6 ni 24, na umbali wetu ni 200. Itapita njia nyingine kabisa, jibu litakuwa sahihi, na msimbo wako hautakuwa umejaribiwa. Kwa hiyo safu ya kwanza iwe ndefu:

```python
@pytest.mark.parametrize("kind", [None, "sort"])
def test_isin_int8_kufurika(kind):
    a = np.arange(-100, 101).astype(np.int8)
    b = np.array([-100, 28, 100], dtype=np.int8)
    jibu = np.zeros(201, dtype=bool)
    jibu[[0, 128, 200]] = True
    assert_array_equal(np.isin(a, b, kind=kind), jibu)
```

Ukiwa unatuma kweli, jina la jaribio liwe la Kiingereza kama mengine yote ya mradi. Hapa nimeliacha kwa lugha yetu ili lisomeke.

Kisha lione likianguka. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likianguka bado hujui linalinda nini. Kwa jaribio hili letu, ondoa kwa muda sharti la ulinzi ndani ya `numpy/lib/_arraysetops_impl.py`, endesha jaribio, hakikisha limeanguka kwa sababu uliyoitarajia, halafu lirudishe. Kama ulikuwa unarekebisha kosa lililokuwepo, ondoa marekebisho yako kwa muda kwa `git stash push numpy/lib/_arraysetops_impl.py`, lione likianguka, halafu `git stash pop`. Ni dakika chache, na mimi sikubali mchango wa mwanafunzi wangu yeyote uondoke bila hatua hii.

Majibu yakishakuwa sahihi ndipo twende kwenye kasi. NumPy hutumia zana iitwayo asv, na vipimo vyake vimo kwenye folda ya `benchmarks`. Kipimo ni darasa dogo:

```python
class KasiIsin(Benchmark):
    params = [[100, 100_000], ["int8", "int64"]]
    param_names = ["ukubwa", "aina"]

    def setup(self, ukubwa, aina):
        rng = np.random.default_rng(7)
        self.a = rng.integers(0, 100, ukubwa).astype(aina)
        self.b = rng.integers(0, 100, 50).astype(aina)

    def time_isin(self, ukubwa, aina):
        np.isin(self.a, self.b)
```

Kilichomo ndani ya `setup` hakihesabiwi kwenye muda. Uundaji wa namba za bahati nasibu ubaki humo, la sivyo utapima uundaji huo na `isin` itazama ndani yake. Weka safu ndogo na kubwa pia: mabadiliko mengi yanayosaidia namba laki moja huchelewesha namba mia, na watu wanaoita `isin` mara elfu kwa safu fupi ni wengi.

Kabla ya kulinganisha, hifadhi kazi yako kwa `git commit`. Kisichohifadhiwa hakipimwi, zana hujenga kila toleo upya kutoka kwenye historia ya Git. Halafu:

```
spin bench --compare main -t KasiIsin
```

Utapata muda wa kabla, wa baada, na uwiano wake. Uwiano ulio chini ya 1 maana yake toleo lako lina kasi zaidi.

Lakini usiuamini bado. Muuza sukari makini hutazama kwanza kama mshale wa mizani uko sifuri kabla hajaweka mfuko. Fanya vivyo hivyo: tengeneza tawi jipya kutoka `main`, tawi kuu la mradi, liongezee kipimo chako tu, tawi la pili kutoka hilo lisilo na badiliko lolote kwa `git commit --allow-empty`, na uyalinganishe hayo mawili. Msimbo ni uleule, kwa hiyo tofauti yoyote utakayoona ni kelele ya mashine yako. Kwenye laptopu yangu ya mtumba, mchana wa joto na kivinjari kikiwa wazi, nimeona asilimia 8. Usiku, kila kitu kikiwa kimefungwa na chaji imechomekwa, hushuka hadi 2. Kwa hiyo mchana siwezi kudai faida ya asilimia 5, hata kama namba imejitokeza kwenye kioo.

Pima na kumbukumbu pia. Jedwali la `isin` linanunua kasi kwa kumbukumbu, na kile kikomo cha mara 6 kipo ili bei hiyo isipande bila mpaka. Kwenye asv, funksheni ikianza na `peakmem_` badala ya `time_`, inapima kilele cha kumbukumbu.

Unapotuma ombi la kuunganisha (pull request), weka jedwali lote la matokeo, pamoja na mistari ambayo toleo lako limezidiwa. Andika amri uliyotumia, aina ya prosesa, mfumo wa kompyuta na toleo la Python. Msimamizi wa mradi akiendesha kwake akapata uwiano mwingine, mwombe matokeo yake kamili na uangalie ni ukubwa gani wa safu unaotofautiana, kisha upime huo peke yake, laptopu ikiwa kwenye chaji.